Ukuta wa trela la kulala: plaiwudi, faiba, paneli za chumba baridi au turubai?

Umeshapata chasisi na ekseli, fundi wa kuchomelea amemaliza kazi yake, na sasa umekwama kwenye kuta. Kila unayemuuliza Malindi anakupa jibu la karakana yake: seremala anasema plaiwudi, fundi wa boti anasema faiba, fundi wa friji anasema paneli. Wote wana haki, kwa sababu kila mmoja anakueleza kitu anachojua kukitengeneza vizuri. Ugumu ni kwamba hujui ni kipi kinaifaa safari yako, gari lako na muda ulio nao.

Ukuta wa trela la kulala unadaiwa mambo matatu yanayovutana. Uwe na nguvu ya kubeba paa na kuvumilia mtikisiko, uzuie joto la jua, na bado uwe mwepesi ili gari lisiteseke. Ukiongeza mbao upate nguvu, uzito unapanda. Ukipunguza uzito ovyo, ukuta unaanza kucheza. Hapa chini naziweka njia nne zinazowezekana huku kwetu, kwa vigezo vilevile, ili ujue unachopata na unachoachilia.

## Vigezo

Uzito. Nitatumia trela moja la mfano kote: boksi lenye urefu wa mita 2.4, upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 1.5. Ukijumlisha mbavu mbili, mbele, nyuma na paa, unapata mita za mraba 15 na kidogo. Sakafu nimeiacha nje, maana inalala juu ya chasisi na ina hesabu yake. Kwa hiyo kila kilo moja unayoongeza kwenye mita ya mraba ya ukuta ni kilo 15 nyuma ya gari. Kabla hujanunua hata msumari, fungua kitabu cha gari lako uone uzito linaoruhusiwa kuvuta, kisha utoe chasisi, magurudumu, godoro, maji na mizigo. Kinachobaki ndicho kipimo cha kuta zako.

Nguvu. Lami ya kwenda Mombasa haiwezi kukuonyesha udhaifu wa ukuta. Udhaifu utauona ukishapita geti la Sala na kuingia Tsavo Mashariki, kwenye murramu iliyojikunja mawimbi. Huko kinachovunja trela ni mtetemo usiokatika, unaolegeza skrubu na kuachanisha gundi kidogo kidogo.

Joto. Malindi iko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta. Jua hutupita utosini mwezi wa Machi na tena karibu na mwanzo wa Oktoba, kwa hiyo paa ndilo linalopigwa zaidi. Kuta za mashariki na magharibi hupata zamu zao asubuhi na alasiri.

Maji na chumvi. Mvua kubwa za Pwani hukolea mwezi wa Mei, na hewa yetu ina chumvi mwaka mzima. Kitu kinachodumu miaka kumi Nakuru kinaweza kuchakaa haraka zaidi kikiegeshwa karibu na ufuo.

Fundi na matengenezo. Nani ataujenga ukuta huu, na ukipasuka ukiwa Witu au Garsen, nani ataufunga?

Bei sitazitaja kwa shilingi, kwa sababu zinabadilika kila mara na hutegemea unakonunua. Nitasema tu ipi ni nafuu kuliko ipi.

## Kanuni moja inayotawala zote

Ngozi mbili nyembamba zilizogandishwa pande mbili za kiini chepesi huwa ngumu kuliko ubao mzito uliosimama peke yake. Ukikiongeza kiini unene mara mbili, ukuta unakuwa mgumu kupinda takriban mara nne, na uzito umepanda kidogo mno. Waingereza waliijenga hivyo ndege yao ya vita ya de Havilland Mosquito, iliyoruka mara ya kwanza Novemba 1940: plaiwudi nyembamba nje na ndani, mti mwepesi wa balsa katikati.

Lakini hesabu hiyo ina sharti. Ngozi lazima ishikane na kiini kila mahali. Povu lililochomekwa tu kati ya mbao, bila gundi, linazuia joto lakini halibebi chochote. Na mahali ambapo maji yamepenya, ngozi ikaanza kuachana na kiini, ukuta wako unarudi kuwa karatasi mbili zinazopepea. Ndiyo maana nashikilia neno moja katika makala haya yote: kuta za trela haziharibikii katikati. Zinaharibikia kwenye kingo, kwenye pembe za madirisha na kwenye matundu ya skrubu. Unapochagua njia, chagua ile ambayo wewe na fundi wako mnajua kuzifunga kingo zake.

Kuhusu joto, povu jeupe la kawaida, lile la kufungashia televisheni, linatosha. Sentimita 5 zake huzuia joto sawa na sentimita 17 hivi za plaiwudi. Povu gumu la rangi, la buluu au la waridi, linazuia zaidi kidogo na halinywi maji kirahisi. Povu la poliyurethani, lile la manjano lililo ndani ya friji, ndilo bora kuliko yote mawili kwa unene uleule.

Chuma nacho hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko povu. Ukimruhusu fundi wa kuchomelea akupitishie mabomba ya mraba ndani ya ukuta kutoka nje hadi ndani, ujue jua litaingia kupitia hayo mabomba. Fremu ya chuma ikilazimu, iwe upande mmoja tu, na povu lipite bila kukatika upande wa pili.

## Njia ya kwanza: fremu ya mbao, plaiwudi na povu

Inavyojengwa. Unapiga fremu ya vipande vya saipresi vya milimita 40 kwa 25, ukiacha nafasi ya sentimita 60 hivi. Unajaza povu la milimita 40, kisha unaifunika kwa plaiwudi ya milimita 6 nje na milimita 3 ndani. Zote zigandishwe kwa gundi, skrubu ziwe za kushikilia tu mpaka gundi ikauke.

Uzito. Plaiwudi pekee ni kilo 5 na nusu hivi kwa mita ya mraba. Ongeza mbao, povu, gundi na rangi, unafika kati ya kilo 8 na 9. Trela letu la mfano linapata kuta na paa za kilo 130 hivi.

Nguvu. Nzuri, na inasamehe makosa. Hata gundi ikiachia mahali, mbao bado zimeshika. Unaweza kufunga kabati, kitanda cha kukunja au taa popote penye mbao, kwa skrubu ya kawaida. Chora fremu kwenye karatasi na uitunze, usije ukatafuta mbao kwa kubahatisha baadaye.

Joto. Inatosha. Mbao zinapitisha joto takriban mara tatu kuliko povu, kwa hiyo kadiri unavyozijaza, ndivyo ukuta unavyopungukiwa. Pinga tabia ya kuongeza kipande hapa na pale kwa kujihami.

Maji na chumvi. Hapa ndipo penye vita. Plaiwudi ikinywa maji ukingoni, inavimba, inafumuka na kuoza, nawe huioni kwa sababu rangi ya nje bado inang'aa. Nunua plaiwudi ya boti, au angalau ile ya matumizi ya nje, na usiamini muhuri pekee: kata kipande, kichemshe saa moja au zaidi, kiache kikauke. Tabaka zikiachana, hiyo ni ya kabati la chumbani. Kila ukingo uliokatwa unyweshe epoksi, ile resini ya sehemu mbili inayoganda ikishachanganywa, kabla ya kuunganisha, mara mbili. Na usiegeshe trela juu ya mawe na magogo yanayogusa mbao. Mchwa hawahitaji mwaliko.

Fundi. Kila mtaa una seremala. Ukipasuka Garsen, kipande cha plaiwudi na gundi vinapatikana.

Inamfaa anayejenga mara ya kwanza, mwenye gari lenye nguvu ya kutosha, anayetaka kufunga vitu vingi ukutani na kubadilisha mpangilio baadaye. Haimfai anayejua kwamba trela litakaa nje miezi mingi bila mtu wa kulikagua.

## Njia ya pili: povu lililovikwa faiba

Nakaa hapa kwa muda, kwa sababu ndiyo njia ambayo Malindi na Watamu zina mafundi wake tayari kutokana na boti za uvuvi, na pia ndiyo inayoharibiwa sana kwa kutojua.

Inavyojengwa. Karatasi za povu zinaunganishwa kuwa ukuta mzima, kisha zinavikwa kitambaa cha faiba nje na ndani. Hakuna fremu, ila kwenye kingo, kuzunguka mlango na madirisha, na popote patakapofungwa kitu kizito. Hapo povu linatolewa na kuwekwa kipande cha mbao au plaiwudi ngumu kabla ya kuvika.

Sasa jambo la kwanza la kumuuliza fundi wako ni resini gani anatumia, yaani yale maji mazito yanayogandisha faiba. Mafundi wengi wa boti hutumia poliesta, kwa kuwa ni nafuu na wameizoea. Poliesta ina kemikali ya starini ndani yake, na starini hula povu jeupe na lile la rangi pia. Utaona povu likizama na kuwa tope mbele ya macho yako. Kwa hiyo una njia mbili: povu la poliyurethani na resini ya poliesta, au povu jeupe na resini ya epoksi. Usichanganye. Gundi nazo ziangalie hivyohivyo: gundi ya viatu na nyingi zenye harufu kali ya kiyeyusho huyeyusha povu jeupe. Paka kidogo kwenye kipande cha kutupa, kilaze usiku kucha, asubuhi utajua.

Epoksi nayo ina tabia zake katika joto letu. Kila joto likipanda nyuzi 10, muda wake wa kufanyiwa kazi hupungua karibu nusu. Ukiikoroga nyingi kwenye kikopo saa saba mchana, itaanza kutoa joto yenyewe, itafuka moshi na kuganda mkononi. Koroga kidogo kidogo, imwage kwenye sinia pana ili ipoe, na fanya kazi alfajiri au baada ya alasiri. Ukinunua, omba kigandishi cha taratibu. Na kwa sababu hewa ya Pwani ina unyevu, tabaka likishaganda huota utando wa kuteleza kama nta juu yake. Usipake tabaka la pili juu ya utando huo. Osha kwa maji safi na sponji, kausha, piga msasa, ndipo uendelee. Wanaoruka hatua hii ndio wanaoona faiba ikibanduka kama ngozi baada ya safari chache.

Ukitaka kuta zilizonyooka, jenga zikiwa zimelala juu ya sakafu iliyo sawa, juu ya karatasi ya nailoni, kisha zibane kwa mifuko ya mchanga iliyotandazwa kila mahali mpaka zigande. Sakafu ikiwa na bonde, ukuta utaganda na bonde hilohilo.

Uzito. Kwa povu jeupe la milimita 50, kitambaa kilichofumwa na epoksi, tabaka mbili nje na moja ndani, unaweza kupata kilo 4 kwa mita ya mraba, yaani kilo 60 kwa trela letu. Kwa povu la poliyurethani, mkeka wa faiba wenye nyuzi zilizokatwakatwa na poliesta, inapanda hadi kilo 7 hivi, kwa sababu mkeka hunywa resini mara mbili ya uzito wake. Fundi akikuongezea resini "iwe ngumu", anakuongezea uzito tu. Nguvu iko kwenye nyuzi.

Nguvu. Kubwa sana kwa uzito wake, lakini imetawanyika: ukuta mzima unafanya kazi pamoja. Udhaifu wake ni mzigo unaokaa mahali padogo. Jiwe linaloruka linaweza kuibonyeza, na bolti iliyokazwa moja kwa moja itaponda povu. Tundu la bolti ya milimita 6 linatengenezwa hivi: toboa tundu la milimita 15 upande hadi upande, ziba chini kwa utepe wa karatasi wenye gundi, lijaze epoksi iliyozitishwa kwa unga wa msumeno, liache ligande, kisha toboa milimita 6 katikati yake. Bolti sasa inabana nguzo ngumu, na maji hayana njia ya kufika kwenye povu. Ni kazi ya dakika chache kwa kila tundu. Ukimwona fundi anapiga skrubu moja kwa moja kwenye faiba, msimamishe.

Joto. Bora kuliko njia ya kwanza, maana povu halikatwi na mbao.

Maji na chumvi. Faiba haiozi wala haina kutu. Lakini epoksi hudhoofishwa na jua, kwa hiyo lazima ipakwe rangi. Kila baada ya safari ndefu, gonga kuta kwa sarafu: mlio mkavu ni salama, mlio wa bubu unakuonyesha pale ngozi ilipoachana na povu. Pakiwahiwa, sindano ya epoksi na mfuko wa mchanga vinatosha.

Fundi. Yupo, lakini si kila kituo. Ukienda kwake usimwambie tu "nifanyie ukuta". Mwambie, "Fundi, hapa patabeba bawaba, hapa kitanda, hapa taa," ili aweke mbao ndani mapema. Wala usidhani mafundi wetu wa vyombo hawapokei vitu vipya: Lamu ndiko lilikojengwa Flipflopi, jahazi la plastiki taka lililoingia majini mwaka 2018 chini ya Ali Skanda.

Gharama ya vifaa iko juu, hasa epoksi. Na ni lazima glavu, barakoa ya kemikali na mahali pa wazi: vumbi la faiba na mvuke wa resini si vya kuvumilia kishujaa.

Inamfaa mwenye gari dogo, anayejua atakachofunga ukutani tangu mwanzo, na aliye tayari kufuata hatua bila kukata njia. Haimfai mwenye haraka.

## Njia ya tatu: paneli za chumba baridi

Inavyojengwa. Hizi ni paneli zinazotoka kiwandani zikiwa kamili: bati la chuma lililopakwa rangi pande mbili, povu katikati. Ndizo zinazojengewa vyumba vya kuhifadhia samaki na nyama. Unazikata kwa saizi, unaziunga kwa pembe za alumini, riveti na silikoni, na kazi inakwenda haraka kuliko zote.

Uzito. Hapa ndipo zinapoanguka. Bati la nusu milimita pande zote mbili ni karibu kilo 8 kwa mita ya mraba, na povu la poliyurethani la milimita 50 linaongeza kilo 2. Jumla kilo 10, au 150 kwa trela zima, pembe bado. Zenye ngozi ya alumini ni nyepesi zaidi, karibu kilo 6, lakini si rahisi kuzipata.

Nguvu. Paneli yenyewe ni imara sana. Maungio ndiyo yenye wasiwasi, kwa sababu ziliundwa kusimama mahali pamoja. Trela lenye paneli linahitaji fremu nyepesi ya kingo inayochukua mtetemo, au gundi nene inayonyumbuka kwenye kila ungio pamoja na riveti. Riveti peke yake zitalegea.

Joto. Nzuri kuliko zote nne.

Maji na chumvi. Rangi ya kiwanda hulinda uso, lakini kila mahali ulipokata kwa msumeno chuma kiko uchi, na kutu huanzia hapo. Paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo ya kukata. Alumini na chuma vikigusana penye maji ya chumvi, alumini huliwa. Weka utepe wa mpira au silikoni katikati yake.

Fundi. Fundi wa friji au wa alumini. Paneli iliyobonyea vibaya hairekebiki vizuri, inabadilishwa. Mpya ni ghali. Vipande vinavyobaki kwenye ujenzi wa hoteli au maduka ya samaki ndivyo vinavyoifanya njia hii iwe na maana. Ukivipata, pima kwanza kama vinatosha bila viraka.

Inamfaa mwenye gari kubwa, muda mfupi, na trela ambalo litakaa wiki nzima limeegeshwa mahali pamoja.

## Njia ya nne: povu lililovikwa turubai, gundi na rangi

Inavyojengwa. Povu gumu la rangi, milimita 50, linavikwa kitambaa cha turubai la pamba kwa gundi ya mbao isiyoogopa maji, kisha linapakwa rangi ya nje ya nyumba tabaka tatu au nne. Kingo zinashikwa na vipande vya mbao.

Uzito. Kilo 3 hadi 4 kwa mita ya mraba. Karibu kilo 50 kwa trela zima.

Nguvu. Ndogo kuliko zote. Turubai lina uimara wa kuvutika lakini si gumu kama faiba, kwa hiyo kuta ndefu zitacheza. Fupisha boksi, weka viungo vya mbao kwenye paa, na usifunge kitu kizito ukutani. Kwa trela la chini la kulala watu wawili tu, inatosha.

Joto. Sawa na njia ya pili.

Maji na chumvi. Rangi ndiyo ngao yake yote. Inapopasuka, maji yanaingia kwenye pamba na kusafiri chini yake. Kagua kabla ya mvua za masika na upake upya kila mwaka.

Fundi. Wewe mwenyewe. Brashi, wembe na subira. Kiraka ni kitambaa, gundi na rangi, na unaweza kukifanya kando ya barabara. Ni nafuu kuliko zote ukipata povu. Povu gumu la rangi huenda ukalazimika kuagiza Mombasa au Nairobi.

Inamfaa anayejaribu, asiye na pesa nyingi, mwenye gari dogo, anayesafiri kwenye lami zaidi.

## Yasiyobadilika ukichagua yoyote

Paka nje rangi nyeupe. Paa jeupe linarudisha sehemu kubwa ya jua kabla halijawa joto, na linakusaidia kuliko sentimita moja ya ziada ya povu. Kwenye paa ongeza unene kuliko kwenye kuta.

Povu halipoozi chumba, linachelewesha joto tu. Mtu mzima aliyelala hutoa joto la wati 70 hivi. Watu wawili ndani ya boksi lililozibwa vizuri watajipika wenyewe usiku. Weka tundu la chini upande wa upepo na jingine juu upande wa pili, yote yenye wavu wa mbu. Ukiegesha, kumbuka upepo: wakati wa kusi unatoka kusini, wakati wa kaskazi unatoka kaskazini mashariki.

Na hili nalisema kwa uzito wote: jiko la makaa lisiingie ndani kamwe, hata likiwa limebakia majivu mekundu tu. Boksi lisilopitisha hewa hujaa gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, na aliyelala haamki. Povu la aina zote hushika moto na kutoa moshi wa sumu, kwa hiyo pika nje, mtungi wa gesi ukae nje, na upande wa ndani usiache povu wazi hata sehemu ndogo.

Pembe za madirisha zikate kwa mviringo. Pembe kali ndipo ufa unapoanzia.

## Uamue vipi

Kama gari lako ni dogo na safari zako ni Marafa, Watamu, Mida na kurudi, linganisha njia ya pili na ya nne. Ukiwa na pesa ya epoksi na unataka trela la miaka mingi, chukua faiba. Ukitaka kwanza kujua kama maisha haya yanakufaa, turubai litakupa jibu kwa gharama ndogo, na chasisi itabaki ikisubiri kuta nyingine.

Kama unakwenda Tsavo mara kwa mara na gari lina nguvu, mbao na plaiwudi ni rafiki kwa sababu ya matengenezo, na faiba ni rafiki kwa sababu ya uzito. Hapo amua kwa fundi: nenda ukaone kazi ya zamani ya kila mmoja. Kwa seremala, bonyeza kingo za chini za mlango alioutengeneza miaka mitatu iliyopita. Kwa fundi wa faiba, gonga boti yake kwa sarafu.

Kama trela litapelekwa Mokowe, kwenye gati ya bara, na kuegeshwa hapo wakati wewe umevuka kwenda Amu (Lamu), fikiria litakavyokaa peke yake kwenye chumvi na mvua. Faiba iliyopakwa rangi inavumilia hali hiyo kuliko plaiwudi. Paneli nazo zinavumilia, mradi kingo zilipakwa.

Kama umepata vipande vya paneli bure au kwa bei ya kutupa, usikimbilie. Vipime kwenye mizani kwanza, zidisha, toa kwenye uwezo wa gari. Namba ikitosha, utakuwa umemaliza kujenga kabla ya wenzako kukausha tabaka la kwanza. Isipotosha, viuzie wanaojenga chumba cha samaki, na pesa hiyo ikanunue epoksi.

Na kama bado umegawanyika kati ya njia mbili, jenga kipande cha sentimita 60 kwa 60 cha kila moja, chenye ukingo mmoja, kona moja na tundu moja la bolti. Vianike nje masika nzima, vikanyage, vigonge, kisha vikate katikati kwa msumeno uangalie ndani.